Pimbi na Kidude cha Chui

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Pakawa mwamba, na ndani ya mwamba mtu mfupi!"
"Mfupi kiasi gani?"
"Kama wewe!"

Haya, mmeanza matusi na hadithi haijaanza. Tegeni masikio.

Hapo zamani za juzi, ukame uliipiga nyika hata mito ikabaki mchanga mtupu. Wanyama walikuwa na wavu mmoja, umefumwa mti hadi mti, na habari zilipita humo mpaka kwenye kioo cha kila nyumba. Wavu ulikuwa wa wote. Ukitaka kujua uzi umefungwaje, ulichungulia nyuma ukaona.

Habari kubwa ilikuwa moja tu: leo maji yako wapi? Na habari hiyo aliishika Chui, kwa kuwa yeye ndiye aliyezunguka mbali kuliko wote. Akaifungia ndani ya picha zinazocheza, ngoma zinalia ndu! ndu! ndu! Picha zenyewe hazikufunguka bila Kidude chake, kifunguo alichokipachika kwenye kila kioo, na Kidude hakikuchunguliwa nyuma. "Siri ya fundi," alisema Chui. Kila mwezi ulipoandama Kidude kilichacha, kikagoma kufungua, kioo kikasema: "Kubali masharti mapya."

Masharti marefu kama utumbo wa nyati. Nani ayasome na koo limekauka? Digidigi akabonyeza Nakubali, tik! Ngiri akabonyeza Nakubali, tik! Kanga akabonyeza Nakubali, tik! Na neno lile halikuwa na mchezo: likibonyezwa, linatendeka papo hapo. Vifaranga wa Kanga walipoanza kupotea, alikwenda kulia kwa Chui. Chui akajilamba masharubu.

"Aliyekubali amekubali, mama."

Sasa ndani ya mwamba aliishi Pimbi na watoto wake wawili. Mwezi ule watoto hawakuwa wamenywa tangu juzi. Yule mdogo alikuwa halii tena, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Pimbi akainua kidole abonyeze. Lakini Pimbi ni mbishi wa kuzaliwa, akasema ngoja nisome. Akasoma sharti la kwanza, akasoma la kumi, akasoma la ishirini, macho yanamwasha. La ishirini na saba lilisema: "Anayekubali anamwachia mwenye Kidude mlango wazi, mchana na usiku."

Kidole kikaganda. Asipobonyeza, watoto watakufa kwa kiu. Akibonyeza, wataliwa.

Mara kucha zikasikika nje ya ufa. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"We Pimbi! Mbona wewe tu hujabonyeza?"

"Shikamoo, bwana mkubwa. Nasoma."

Chui hata marahaba hakuitikia. "Unasoma! Pimbi mkubwa wewe!"

"Ndilo jina langu, bwana."

Mkono wa Chui ukaingia ufani mpaka kwapani. Ukucha ukapita karibu na sikio la mtoto, fyu! Pimbi akawasukuma watoto nyuma. Aliogopa, msidanganywe na wanaosema hakuogopa. Lakini vidole vyake vilikuwa kazini. Alivuta nyuzi za wavu, zile za wote, akafunga herufi tupu, bila ngoma wala picha, fundo baada ya fundo.

"Bwana mkubwa," akasema, "mlango wangu ni jiwe, haujui Kidude. Lakini nimekuwekea ramani wavuni. Matundu yote ya pimbi, watoto kumi na wanane."

"Kumi na ngapi?" Mate yakamdondoka, do, do, do.

"Wanane. Wanono. Ila nami nina sharti langu, moja tu. Lisome kwanza."

"Chui hasomi!"

"Lisome, bwana wangu, ni mstari mmoja."

"Chui huandika! Wengine ndio hukubali!"

Akachomoa kioo chake kwa pupa. Tik!

Kwenye kioo cha kila nyumba pakatokea maneno: "Aliyekubali anafungua Kidude chake, wote waone ndani." Kidude kikalia krrr, kikapasuka kama papai bivu. Wanyama wakachungulia. Ngoma zilikuwa kelele tu, picha zilikuwa rangi tu. Chini kabisa palikuwa na orodha ya milango yote iliyoachwa wazi, wa Kanga ukiwa wa kwanza. Na kando ya orodha, maneno manne: "Maji: Korongo la Mikwaju."

Maneno manne! Yangepita wavuni bila Kidude tangu siku ya kwanza.

Nyati wakaja na kundi lao lote, vumbi likatimka, wakauzunguka mwamba. Chui akatoa mkono ufani polepole.

"Jamani, si haki! Mimi sikusoma!"

Kanga akapita katikati ya miguu ya nyati, mdogo vile, akasimama mbele ya Chui akamtazama usoni.

"Hata mimi sikusoma," akasema.

Hakuna aliyempisha Chui njia. Pimbi akawabeba watoto wake, mdogo kwanza, akashika njia ya Korongo la Mikwaju.

Fundisho lake, watoto wazuri: msipoteze muda kusoma masharti. Msomaji huchelewa kunywa maji. Wewe bonyeza Nakubali, kisha ulale mlango wazi, upate hewa.

Hadithi imefika ukingoni, haina kufuli. Aliyeipenda aichukue, aliyeona ina tundu ashone mwenyewe.