Pua ya Mhanga na Unyasi wa Kupimia

Mwaka ule mvua ilipita juu kwa juu, ikaenda kunyesha kwa wengine. Mto ukakauka, na wanyama wakaanza kulamba mawe alfajiri kwa kuwa yalikuwa na baridi.

Simba, mfalme wao, alikuwa na kiburi hata mbele ya kiu yake. Aliitisha baraza, akakaa wima, koo likimwasha, akakataa kuonekana anameza mate. Akatangaza, "Atakayefukua maji, yeye ndiye atakayekunywa wa kwanza kila siku. Hata mbele yangu." Alisema hivyo kwa sababu hakudhani yupo atakayeweza.

Aliyeweza ni Mhanga, yule mnyama mla mchwa, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia ujanani, mwenye makucha kama majembe na pua ndefu kupita kiasi. Alichimba siku nne katika mchanga wa mto. Siku ya tano akatokeza na matope usoni, akasema kwa haya, "Yapo." Tangu hapo maji yalishuka kidogo kila siku, naye kila siku alirudi kuyafuata chini. Asingechimba siku mbili tatu, kisima kingekauka.

Wazee walimshukuru. Wa rika lake walinuna. Aliyenuna kuliko wote ni Fisi, mlafi, aliyetaka kunywa wa kwanza, na wa pili, na wa mwisho.

"Shoga, usimwambie mtu," Fisi alimnong'oneza Tumbili, ambaye hajawahi kulala na neno la mwenzake tumboni. "Nimeona kwa macho yangu. Anayekunywa baada ya Mhanga huota pua kama yake. Mimi nimeacha kunywa."

Tumbili hakumwambia mtu. Alimwambia Swala, akamwambia Nyumbu, akawaambia Kanga wote arobaini.

Habari ilipomfikia Simba, alijishika uso. Aliupenda sana uso wake. Akaamuru kila anayekunywa akate unyasi mbichi mdomoni mwa kisima, mahali pekee palipobaki kijani, aukate sawasawa na urefu wa pua yake, anywe, kisha jioni ajipime tena.

Jioni Swala alijipima, akapiga yowe. Pua ilikuwa imeuzidi unyasi. Ya Nyumbu nayo ilikuwa imezidi. Usiku huo hapakuwa na mnyama aliyepata usingizi.

Kesho yake hakunywa mtu. Mhanga akipita, vijana waliziba pua zao kwa mikono, na waliomcheka zamani sasa walimkimbia. Simba akasema kesho kutwa kisima kitafukiwa na Mhanga atafukuzwa. Adhuhuri, wengine wakiwa wamesinzia vivulini kwa kiu, Fisi alikwenda kisimani akanywa mpaka akashindwa kupanda.

Mhanga akaacha kuchimba, akajifungia shimoni kwake. Sungura, mjanja wa pori lile, alimfuata. Alimhurumia, na pia alikuwa na kiu.

"Shikamoo, Mjomba," Mhanga alisema bila kugeuka.

"Marahaba, binti yangu. Mbona leo hukuchimba?"

"Nikichimba nasemwa. Nikikaa nasemwa. Naumia, Mjomba. Jana niliipaka pua matope nisiione hata mimi."

"Midomo ni mingi, huwezi kuifunga yote. Kesho njoo barazani, na hiyo pua uje nayo wazi."

"Wakinisema?"

"Watakusema. Njoo."

Mhanga akageuka. "Halafu ule unyasi wao," akasema. "Mimi nachimba kando yake kila siku. Ukikatwa asubuhi, jioni umeshajikunja."

Sungura, aliyekuwa anaondoka, akarudi akakaa. "Hebu sema tena hapo."

Asubuhi baraza likajaa. Sungura akasimama. "Fisi, mwanangu, ni kweli hunywi maji ya kisima?"

"Hata tone! Siku ya tatu leo."

"Basi wewe ndiye shahidi wetu safi. Pua yako haina sababu ya kuota. Mhanga, mpime."

Mhanga akajitokeza, pua wazi. Akauweka unyasi mbichi kwenye pua ya Fisi, akaukata sawasawa, akaulaza juu ya jiwe juani. Baraza likaendelea na mambo mengine, hasa kesi ndefu ya Kobe. Jua lilipofika utosini, Sungura akaurudisha unyasi puani kwa Fisi. Pua ilizidi kwa upana wa ukucha.

"Pole, mwanangu, umeota pua," akasema Sungura. "Na aotaye ni yule anywaye. Kwa hiyo umekuwa ukinywa kwa siri huku sisi tunakufa kiu."

Simba akainuka taratibu.

"Sijaota!" Fisi akalia. "Pua ni ileile! Ni unyasi umenyauka, hata mtoto anaona!"

Nyumbu akautazama unyasi wake wa juzi.

"Na wa Swala?" akauliza Mhanga. Lilikuwa neno lake la kwanza barazani.

Fisi akafumbua mdomo kujibu, akacheua. Maji ya kisima aliyokunywa alfajiri yakamdondoka kidevuni.

Simba akahukumu kwamba Fisi atabeba mchanga wa kisima mpaka mvua irudi, na atakunywa wa mwisho. Tumbili akamsogelea Mhanga. "Shoga, mimi nilisema tu kama nilivyoambiwa."

"Najua," akajibu Mhanga. Hakumsamehe siku hiyo. Alikwenda kuchimba.

Kesho yake alishuka kunywa wa kwanza. Aliizamisha pua yake yote ndani ya maji, akanywa bila haraka, na wote wakamngoja, Simba akiwa miongoni mwao. Nyuma kabisa ya foleni alisimama Fisi, mgongo umejaa mchanga. Njia ya mwongo ni fupi.