Kikombe, Kijiko, Kiatu

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mama aitwaye Sikudhani na mwanawe Shomari. Mtoto ana miaka saba, hajui kuvaa nguo wala kuogopa gari. Mama akienda kuvuna mpunga humfungia mtoto ndani, na mama huondoka akilia.

Akasikia kuna shule yenye kitengo cha watoto kama Shomari. Imebaki nafasi moja, lakini lazima mtoto apimwe na mtaalamu wa saikolojia.

Mama mkwe wake, Bi Kazija, akasema, "Mjukuu wangu haendi kwa wageni kama kifaranga aliyenyeshewa!" Akamwogesha, akampaka mafuta, akamvika kanzu. Kabla ya hapo, wiki nzima alimfundisha: kikombe, kijiko, kiatu. Kikombe, kijiko, kiatu.

Mtaalamu pale shuleni, Bwana Mkude, alikuwa mpole. Aliacha kiti, akakaa sakafuni na mtoto.

"Hiki nini?"

"Kikombe!"

"Na hiki?"

"Kiatu!"

Bi Kazija akapiga kigelegele. Shomari akacheka mpaka machozi.

"Anavaa mwenyewe?"

Sikudhani akamtazama mwanawe anavyong'aa. Angemwaibishaje? "Anavaa," akasema.

"Basi hastahili kitengo. Atasoma na wenzake."

Walipofika getini, Shomari akavua kanzu, akachomoka barabarani. Lori likafunga breki. Mlinzi akamdaka, akamfunika kwa koti lake.

Sikudhani akarudi naye ofisini. "Mpime tena!"

"Mama, nilipima nilichoonyeshwa. Nafasi nimeshampa mtoto aliyefuata. Njooni mwakani, na msimfundishe."

"Tusimfundishe, baba? Akae mjinga?" Bi Kazija akafoka. "Mimi nilimpamba tu. Aliyesema anavaa ni huyu mkwe wangu."

"Nilisema mbele ya mtoto, mama. Ana masikio! Wewe mtaalamu, mbona hukuniuliza pembeni?"

"Na wewe mbona hukuniomba tusogee?"

Sikudhani akaketi kizingitini, mtoto mapajani. "Sitoki. Mwanangu anajua kikombe, hajui lori. Andika vyote viwili!"

"Mama, nitaita mlinzi."

"Mwite. Yeye ndiye aliyemwona Shomari jinsi alivyo."

Mpaka jioni hakuinuka. Haya, ninyi mnaosikiliza, msinijibu mimi, mjibuni yeye pale alipokaa: bibi aliyempamba, mama aliyemsitiri, mtaalamu aliyeamini macho yake, je, nani alimfungia Shomari mlango?