Dirisha la Rabii Mjenzi

Inasimuliwa, na ajuaye zaidi ni Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji wa Basra aliishi mjenzi mcha Mungu aitwaye Rabii bin Sawwar. Alinunua viwanja vitupu, akachora nyumba, akazijenga na kuziuza, mpaka mitaa mizima ikawa kazi ya mikono yake. Alikuwa mfupi wa kimo, na mafundi wake walimtania kwamba hujenga ghorofa ili naye aonekane.

Desturi ya mji ule ilikuwa dirisha la juu lisichungulie ua wa jirani, kwani uani ndipo wanawake hukaa bila shela. Kabla ya kukabidhi nyumba, Rabii alipanda mwenyewe, akasimama dirishani. Asipouona ua, dirisha limefaa.

Siku moja alimzuru Ghalib, msuka mikeka aliyenunua nyumba kwake miaka miwili nyuma, mtu mrefu wa kuinamia milango. Ghalib alisimama dirishani akasema, "Mkomamanga wa jirani yangu Umm Dhakwan umezaa mwaka huu, mashallah."

Rabii akaenda dirishani. Aliona anga tu. Akapanda juu ya kigoda. Akauona mkomamanga, na chini yake mjane akifua, amejitanda shela zito kwenye jua kali. Akainamisha macho haraka, akaketi chini kwa haya.

Ijumaa ile liwali alikuwa amkabidhi kujenga mtaa mpya mzima, kazi aliyoiomba kwa Mola miaka mingi. Fundi wake mkuu akamsihi, "Bwana, ngoja kwanza ukabidhiwe. Dirisha halikimbii."

"Halikimbii," akajibu Rabii, "lakini na mama yule hana pa kukimbilia."

Akaenda kwa mjane, akaomba radhi nje ya mlango. Umm Dhakwan akasema kutoka ndani, "Mwanangu, nilikuambia tangu mwanzo. Ukapanda, ukasimama, ukasema, 'Mama, mimi sioni kitu.' Nilijua husemi uongo. Basi nikavaa shela, nikasubiri, nikawa nakuombea dua."

"Ukaniombea mimi?"

"Sasa nani mwingine angelipandisha hilo dirisha?"

Kisha Rabii akamwendea liwali, akakiri kwamba madirisha yake yote ameyapima kwa kimo chake. Liwali akampa mtaa ule mjenzi mwingine. Rabii akashinda msimu mzima akipandisha madirisha, nyumba kwa nyumba, akianzia kwa Ghalib.

Dirisha lile lilipokwisha, alipita kichochoroni akasikia sauti nyuma ya ukuta. "Rabii, nimekaa uani kichwa wazi. Jua limenifika kwenye nywele. Alhamdulillah." Akasujudu pale pale kwenye vumbi, akilia kwa shukrani. Na tangu siku hiyo, kila alipokagua dirisha, alimwita kwanza fundi wake mrefu kuliko wote.

Ndugu zangu, wangapi wanavaa shela majumbani mwao kwa jambo ambalo sisi, kwa kimo chetu, hatulioni? Mola aturuzuku mtu wa kutuonyesha, na moyo wa kumshukuru tukishaonyeshwa.