Kiti cha Mbele cha Mwalimu Hozza

Kabla hujasifu rangi, inua zulia.

Mmeisikia leo kwa matroni, alipomkuta mwenzenu amekimbilia kitanda chenye foronya ya maua bila kutazama kama kina chaga. Mmeniuliza ni ya kabila gani. Wanangu wa kidato cha kwanza, hebu ketini hapo kwenye ndoo zenu. Methali hii haikuachwa na mababu wa kabila lolote. Ilizaliwa hapahapa shuleni, mchana kweupe, na sisi tulioiona ikizaliwa hatujafunga vinywa vizuri tangu siku hiyo. Chimbuko lake ni hili.

Mwalimu Hozza alikuwa mwalimu wetu wa nidhamu. Hapakuwa na godoro katika shule hii ambalo hakuwahi kuliinua. Aliinua magodoro akitafuta simu, akitafuta mandazi, akitafuta hata mawazo mabaya. Mkimwona anaingia bwenini, roho zinatangulia kutoka.

Lakini mtu huyo wa kutisha alikuwa na unyonge wake. Alikaa mjini bondeni, na kila asubuhi alipanda mlima huu kwa baiskeli. Akifika, shati limemgandia mgongoni, na kabla hajamkemea mtu lazima kwanza apumue. Mkemeaji anayehema haogopwi sana. Yeye mwenyewe alilijua hilo, akaamua kununua gari.

Magari yaliyouzwa mjini wakati ule yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la mwenye duka la dawa: la kijivu, refu, la kisanduku, zima kila mahali, na lenye sura ya mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. La pili lilikuwa la Mzee Singano, karani mstaafu wa posta. Hilo lilikuwa dogo, la mviringo, la zamani kuliko mwalimu mwenyewe. Rangi yake ilikuwa ya kijani cha parachichi, paa jeupe, taa mbili za mbele zimekutumbulia macho kama mtoto aliyeamshwa. Injini yake ililia kama cherehani yenye furaha.

Walimu wenzake walimshauri achukue la kijivu. Akawajibu kwa sauti ile ya paredi: "Kazini naenda kila siku. Kwa nini kila siku niende kama naenda msibani?"

Hapo alisema kweli, na mimi simlaumu. Tatizo lilikuwa jingine. Mzee Singano hakuwa muuzaji tu. Alikuwa baba wa Nakijwa, na Nakijwa alikuwa mchumba wa Mwalimu Hozza. Mahari ilikwisha kupokelewa, siku ya ndoa ilikwisha kutajwa.

Sasa niambieni, mtu anakaguaje gari la baba mkwe? Alikaribishwa chai na viazi vitamu. Alisalimia, akasalimiwa, akaulizwa habari za watu ambao hata hawafahamu. Alipopelekwa bandani kuliona gari, alilizunguka mikono ikiwa nyuma, kama mtu aliyealikwa kutazama maiti ya heshima.

"Rangi, baba," alisema. "Rangi hii!"

"Wengi wameisema," Mzee Singano alijibu.

Mzee alipoingia ndani kuchukua funguo, Nakijwa alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Hozza, inua zulia."

"Zulia gani?"

"La humo ndani, pale mbele. Baba haruhusu mtu alifagie gari hili. Sijui kwa nini. Inua."

"Nakijwa, mimi nipekue gari la baba yako? Kwani mimi polisi?"

"Shuleni unapekua watoto wa watu."

"Wale si wakwe zangu."

Mzee akarudi na funguo. Wakalijaribu gari barabarani. Mwalimu aliendesha, na Mzee Singano akaketi kiti cha nyuma, kimya, kama balozi. Mwalimu aliuona huo kuwa ukubwa. Akalinunua.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya raha, na siwezi kuwaficha kwamba hata sisi tulifurahi. Tulimsikia akipanda mlima kona kwa kona, honi ikilia kabla ya kila moja, na tukapata nafasi nzuri ya kuficha mandazi. Yeye naye alifika mkavu, ananukia, anatabasamu mpaka kengele ilie. Kitu kimoja tu kilitushangaza. Hakumpakia mtu yeyote kiti cha mbele, hata mkuu wa shule siku ya mvua. Madaftari yetu ndiyo yaliyokaa pale. Akiulizwa alisema, "Kiti hicho kina mwenyewe. Atakikalia kila asubuhi tukishaoana." Maana Nakijwa alikuwa muuguzi katika zahanati ile iliyo juu ya shule.

Basi ikafika siku ya mahafali, juma moja kabla ya ndoa. Wakwe walialikwa: Mzee Singano kwa koti, mkewe kwa vitenge vipya, Nakijwa kwa viatu virefu. Baada ya hotuba, Mwalimu Hozza aliamua kumpeleka mchumba wake mpaka getini na kurudi, taratibu, mbele ya shule nzima iliyokuwa imepanga mistari. Alifungua mlango wa mbele, akainama kidogo.

"Leo," alisema, "mwenye kiti akionje kiti chake."

Nakijwa alinyanyua mguu aingie.

"Hapana!"

Wanangu, sauti ile ilitoka kwa Mzee Singano. Aliiacha soda yake, akaruka ngazi za jukwaa, akamvuta binti yake mkono, akamsukuma pembeni, na akaingia yeye garini. Mtu mzima, karani mstaafu wa posta, anamnyang'anya bibi harusi kiti!

"Baba?" Nakijwa aliuliza.

"Jua kali," alisema Mzee. "Nimechoka. Nipeleke mimi."

Kulikuwa na mawingu.

Mwalimu Hozza angefanya nini? Mkwe akisema kuna jua, kuna jua. Akawasha gari. Sisi wa mstari wa mbele tuliona jambo la ajabu: Mzee Singano alikaa magoti yamegusa kidevu, nyayo ameziegemeza juu ya dashibodi, kama mtu anayevuka mto kwa mtumbwi mbovu. Gari likaanza kuteremka kuelekea getini. Pale penye tuta, likaruka kidogo. Nyayo zikateleza, zikashuka sakafuni kwa kishindo.

Tulisikia mlio wa bati kubwa. Kisha, naapa kwa sanduku langu, miguu ya Mzee Singano ilitokea chini ya gari. Ilikuwa ndani ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa, nayo ilikuwa inakimbia.

"Gari lina miguu!" mtoto mmoja wa kidato cha pili alipiga kelele.

"Simama, Hozza! Simama, mwanangu!" Mzee alilia kutoka ndani, na miguu ikazidi kukaza mwendo, maana gari lilikuwa linateremka na yeye hakuwa na la kufanya ila kwenda nalo. Mwalimu alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama. Miguu ikapiga hatua moja ya ziada, ikatulia.

Nyuma yao, kitu kilichodondoka chini ya gari kilikuwa kimesimama kwa ukingo, kinabingirika uwanjani taratibu, watu wanakipisha. Kilizunguka, kikayumba, kikalala chali miguuni pa mama yake Nakijwa. Lilikuwa sinia la maua mekundu.

"Sinia langu," mama alisema polepole. "Sinia langu la harusi! Mzee Singano! Nimekosana na dada yako kwa ajili ya sinia hili!"

Hakuna aliyecheka. Najua mngependa kusikia kwamba tulicheka, lakini vinywa vilikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Nakijwa alivua viatu, akatembea peku mpaka garini. Akainama, akalikunja zulia. Palipokuwa na sakafu palikuwa na barabara.

"Ulijua, baba."

Mzee Singano alikuwa bado amekaa, miguu yake imesimama juu ya kokoto. "Kutu ilikula. Nikaweka sinia, nikafunika. Nilidhani atapakia mizigo tu."

"Kiti hiki kilikuwa changu. Ningekikalia kila asubuhi, kwenye kona zile."

"Ndiyo maana leo nimekikalia mimi."

"Na kesho angekikalia nani?"

Mwalimu Hozza akatoka upande wake, uso umemkauka. "Nakijwa, mimi..."

"Wewe nilikwambia inua zulia."

"Niliogopa kumvunjia baba heshima."

"Ungenizika kwa heshima, basi." Akamtazama kama yeye alivyozoea kututazama sisi bwenini. "Sikiliza. Zulia la baba nimeliinua, nimeona. Sasa na wewe inua lako, hapahapa, kabla sijavaa gauni. Chini kuna nini?"

Tulimwona Mwalimu Hozza, mwalimu wa nidhamu, akirudi nyuma hatua moja. Alitazama gari, akatazama mkuu wa shule, akatazama mistari yetu yote.

"Leseni," alisema.

"Leseni imefanya nini?"

"Sina."

Wanangu! Mkuu wa shule alikaa mahali pasipo na kiti. Msichana wa kwaya alianza kulia bila sababu. Mtu aliyewahi kunipa adhabu ya kufyeka kwa kukosa soksi, miezi yote ile amepanda na kushuka mlima huu bila leseni!

Mzee Singano alichungulia kutoka garini. "Kumbe hata wewe una tundu," alisema kwa masikitiko makubwa.

"Wote wawili," alisema Nakijwa, "mtaziba kwanza. Ndoa ipo, ila juma lijalo haipo."

Na haikuwapo. Mwalimu alirudi kwenye baiskeli, akaenda kujifunza udereva pamoja na vijana wa rika letu, na kama kila mtu akafeli mara ya kwanza. Mzee Singano alilala chali chini ya gari akishirikiana na mchomeleaji, akaweka bati nene na nguzo za chuma, huku mkewe akisimama pembeni na sinia lake kifuani.

Siku ya ndoa ilipofika, sisi kwaya tulikuwa pale. Bibi harusi alitoka kanisani, akafika kwenye gari la kijani, mlango ukafunguliwa. Hakuingia. Alikusanya gauni kwa mkono mmoja, akainama mbele ya wageni wote, akainua zulia. Akagonga chuma kwa kidole, akasikiliza. Kisha akanyoosha kiganja kwa bwana harusi. Mwalimu Hozza akatoa leseni mfukoni. Nakijwa akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akamrudishia.

Mzee Singano alikuwa amebana pumzi. Nakijwa akamtazama, akaketi kiti cha mbele, akashusha miguu yake yote miwili kwa uzito.

Sakafu ilimpokea.

"Sasa," alisema, akiwageukia wageni, "rangi yake ni nzuri sana."

Kabla hujasifu rangi, inua zulia.