Fimbo ya Biliadi ya Sultani Badiri

Palikuwa na sultani aliyeitwa Badiri, ambaye hakuwahi kushindwa mchezo wa biliadi. Si kwamba alikuwa hodari. Mezani pake palikuwa na desturi moja, na mji mzima uliijua: mpira wa Sultani ukikosa tundu, na wako ukose. Kadhi alikosa. Waziri alikosa mpaka akawa bingwa wa kukosa. Alilenga huku, mpira ukaenda kule, na jasho likamtoka kama mtu anayejitahidi kweli.

Siku moja akaja mgeni, mwuza farasi kutoka bara. Desturi hakuambiwa. Akatia mipira yote tunduni, akashukuru kwa kahawa, akaenda zake.

Sultani akaiinua fimbo yake ya kuchezea, akafumba jicho moja, akachungulia kutoka kitakoni mpaka nchani.

"Imepinda!"

Waziri naye akafumba jicho. "Imepinda, Maulana. Kama ndizi."

Kadhi akafumba yote mawili. "Imepinda sana."

Basi akaletwa Vuai, fundi aliyeichonga fimbo hiyo. Sultani akamwambia, "Umeniaibisha mbele ya mgeni. Inyooshe! Lakini siitaki motoni, siitaki majini, kisu kisiiguse, wala mkono wa mtu wa kwenu usiiguse. Adhana ya Ijumaa ikilia bado imepinda, keezo yako itakuwa kuni za jikoni kwangu."

Keezo ni ile mashine ya kukanyaga kwa mguu, inayozungusha mti fundi akauchonga. Ndiyo iliyomlisha Vuai, mkewe na watoto wao. Ikaletwa uani, ikawekwa karibu na shoka. Vuai akafungiwa ghalani ili afikiri.

Sasa Vuai hakuwa mtu wa maneno. Mdomo wa nyumba ile alikuwa mkewe, Mwanakheri. Ijumaa, adhuhuri ikikaribia, akafika barazani, mtoto mgongoni.

"Nashika miguu, Maulana."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"La, Maulana. Kulia nimemwachia huyu wa mgongoni. Mimi nimekuja kuinyoosha fimbo."

Watu wakacheka. Sultani akacheka zaidi.

"Hata hujaitazama!"

"Watazamaji wapo wengi. Naomba kuuliza tu, imepinda tangu lini?"

"Tangu ilipochongwa! Mumeo aliitoa hivi hivi."

"Masikini! Kwa hiyo miaka yote Maulana alipokuwa akishinda, mpira ulikuwa ukienda usikolengwa, ukaingia tunduni kwa bahati?"

Sultani akakunja uso. "Hapana. Nilikuwa nikilenga. Ilikuwa imenyooka. Imepinda siku ile ya mgeni."

"Na siku ile ilikuwa mkononi mwa nani?"

Waziri akakohoa. Kadhi akatazama dari.

"Wewe mwanamke una ulimi!"

"Ninao, Maulana. Natumia wangu na wa mume wangu, maana wake umelala."

Sultani akailaza fimbo mezani, akaisukuma ibiringike. Fimbo ikaenda, ikakata kona kama mlevi anayetafuta mlango.

"Umeona? Haiendi moja kwa moja!"

"Maulana, upande huu ni mnene, upande ule ni mwembamba. Hata karoti ukiibiringisha itakata kona. Na karoti utaifungia ghalani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajifanya anapiga chafya.

"Basi!" Sultani akasema. "Masharti ni yale yale. Inyooshe, adhana iko karibu."

"Nitainyoosha. Ila naomba Maulana acheze nayo mchezo mmoja na Bwana Kadhi, nione kwanza ugonjwa wake."

"Nicheze na fimbo iliyopinda?"

"Hiyo hiyo, Maulana."

Wakacheza. Sultani akapiga, mpira ukaingia. Akapiga tena, akakosa. Kadhi akakosa zaidi. Mara mpira mmoja wa Kadhi ukafika ukingoni mwa tundu, ukawa unataka kuingia. Kadhi akapatwa na kikohozi kikubwa, mkono wa joho lake ukaukumba mpira ukarudi katikati ya meza. Mwishowe Sultani akatia mpira wake wa mwisho. Waziri akapiga makofi mpaka kilemba kikamlegea.

"Maulana! Hilo si jicho, ni mshale!"

Sultani akainua fimbo juu, meno yote nje. "Mmeona? Mmeona mpira ulivyokwenda? Moja kwa moja mpaka tunduni!"

Msikitini, mwadhini akaanza kuadhini.

"Tumeona, Maulana," akasema Mwanakheri, akimkaza mtoto mgongoni. "Imenyooka. Nami sikuigusa. Naomba mume wangu na keezo yake."

Sultani akaishusha fimbo. Akafumba jicho moja, akachungulia. "Mbona mimi naiona ni ile ile?"

"Basi Maulana aseme upesi kama imenyooka au ameshinda kwa bahati, Waziri asije akachoka kupiga makofi ya bure."

Sultani akamtazama Waziri. Akaitazama fimbo. Akawaambia watumishi wamfungulie Vuai na wambebee keezo yake mpaka nyumbani. Mwanakheri akashukuru, akageuka aondoke. Alipofika mlangoni, Sultani akamwita, kwa sauti ya chini kidogo.

"Mama, na yule mwuza farasi akirudi?"

"Kabla hajapewa kahawa, Maulana, aelezwe desturi. Fimbo haitapinda tena."