Kazi ya Mganga Sumaili

Sogeeni, ngano inaingia. Zimwi lilimchukua binti wa Bi Ngwali, likamfungia pangoni. Bi Ngwali akamwendea Sumaili, mganga mwenye fimbo ya ajabu.

"Lichome moto."

"Sina ruhusa, mama."

"Basi ligeuze jiwe."

"Sina ruhusa."

"Sasa kazi yenu waganga ni nini, kutembeza fimbo?"

Sumaili akacheka, akafuatana naye. Ndani ya giza la pango zimwi likanguruma, Bi Ngwali akarudi nyuma. Mganga akainua fimbo, ikawaka. Kumbe zimwi lenyewe halimzidi mbuzi.

"Kazi yetu ndiyo hii, kuwaonyesha kitu kwa kimo chake. Kilichobaki ni chako."

Bi Ngwali akalishika zimwi sikio, akalitupa kando, akamchukua mwanawe.

Ngano yangu imetua. Anayetaka zimwi kubwa zaidi, akatafute msimuliaji mwongo.