Kidude kwenye Pembe ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na mikeka kama sisi, Nyati aliishi bondeni na mwanawe mmoja, Ndama. Tulieni basi, leo hakuna kucheka.

Nyati alikuwa na desturi. Asubuhi anakula majani, mchana analala mkekani kucheua. Akicheua hasemeshwi! Asipocheua kwa utulivu maziwa hayaji, na Ndama alikuwa bado ananyonya.

Jirani yao Pimbi, kale kanyama kadogo ka jabalini, aliyatamani majani yale. Kila akishuka, Nyati alimfukuza. Basi akatafuta hila.

"Hodi, shangazi! Nimekuletea kidude. Nakifunga hapa kwenye pembe. Kikilia krii, ujue kuna habari. Panda upesi jabalini nikusimulie, usije ukapitwa."

"Nipitwe, mimi? Thubutu! Funga!"

Pimbi alibaki na kidude cha pili. Akikibonyeza, cha Nyati kinalia.

Mchana, Nyati ndiyo kwanza ameanza kucheua. Krii! Akakurupuka, mbio mpaka juu, hoi.

"Kuna nini?"

"Ngiri amepiga chafya."

"Hilo tu?"

"Mengine yaja, shangazi."

Huku nyuma mke wa Pimbi na wanawe wamejaa bondeni, wanatafuna tu.

Ikawa krii asubuhi, krii mchana, krii jioni. Siku ya tatu Nyati akalalamika, "Pimbi, moyo unanidunda, kichwa kinagonga."

"Utazoea, shangazi."

Na kweli akazoea. Moyo uliendelea kudunda, ila yeye aliacha kulalamika.

"Mama, maziwa hayatoki," Ndama akalia. Mbavu zilikuwa zinahesabika.

"Subiri, mwanangu, narudi sasa hivi."

Siku moja Ndama alikichomoa kile kidude kwa meno, akakitupa mtoni. Chubwi!

"Sasa lala, mama. Cheua."

Nyati akalala. Kidogo tu, akaruka. "Kimelia!"

"Hakijalia, mama. Kipo mtoni."

Akalala tena, akaruka tena. Hakuweza kutulia. Mwishowe akapanda jabali mwenyewe, bila kuitwa.

"Pimbi, nipe kingine."

Hata Pimbi aliingiwa na huruma. "Shangazi, nilikudanganya. Nilitaka majani yako tu. Rudi ukamnyonyeshe mtoto."

"Najua ulinidanganya. Nipe kingine!"

Akapewa.

Ndama hakumaliza mwezi. Majirani walikuja kwenye msiba, wakamkalisha Nyati mkekani, wakamshika mabega. Naye alikuwa analia kwa uchungu kabisa, msidhani hakumpenda mwanawe.

Krii!

Nyati akajipangusa machozi, akainuka, akatoka mbio kuelekea jabalini.

Wanangu, kuyazoea maumivu si kupona.